Ile klipu ya fedha na HIV nimeifuta, na hii ndiyo sababu

Wasee, wengi mmeniuliza kwenye inboksi ile klipu ya "Fedha inaua HIV" ilienda wapi. Hakuna aliyeniripoti. Niliifuta mwenyewe, na ilikuwa imetazamwa zaidi ya mara laki mbili. Ndiyo klipu iliyonitoa kwa wafuasi mia tatu hadi hapa nilipo, kwa hivyo msidhani kidole hakikusita.

Leo naandika, sirekodi. Nikirekodi nitaanza kukata ili iwe fupi, na shida hii yote ilianzia kwenye kukata.

Wenye mmeingia juzi: mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasoma biokemia, karo ikamshinda mathe, nikasema nitarudi muhula unaofuata, na huo muhula haujafika mpaka leo. Nilibaki na simu, taa ya kurekodia, na mazoea ya kusoma ripoti za utafiti usiku wakati bando ni ya bei nafuu. Sayansi niliyokuwa nayo ilitosha kunisisimua. Ile ya kunifanya niogope sikuwa nimeifikia.

Na utafiti wenyewe si uongo, hilo niliseme mapema. Mwaka 2005, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Texas kule Austin, wakiwa na wenzao wa Mexico, walichukua chembechembe za fedha wakazichanganya na virusi vya HIV. Fedha hapa ni ile ya madini, ya pete na mikufu, si ya M-Pesa. Chembe hizo ni za kiwango cha nano. Ili upate picha, unywele mmoja wa kichwa chako una unene wa karibu nanomita 80,000. Kirusi cha HIV ni kama nanomita 100 na kidogo. Chembe za fedha zilizoonekana zimenata kwenye kirusi zilikuwa za nanomita 1 hadi 10 pekee. Zile kubwa zaidi hazikunata.

Sasa hapo ndipo palinimaliza. Nje ya HIV kuna protini zinazochomoza, zinaitwa gp120. Hizo ndizo ufunguo wake. Kirusi hutumia gp120 kushika seli za CD4, askari wa mwili wako, kisha kinaingia. Kwa maelezo ya hao watafiti, chembe za fedha zilikuwa zimejipanga kana kwamba zinashika hizo gp120. Ni kama mtu abandike chingamu kwenye ufunguo: kufuli iko, ufunguo upo, lakini mlango haufunguki.

Halafu mwaka 2020, sisi wote tukiwa tumefungiwa kwa nyumba, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jiji la Yokohama, Japani, wakajaribu fedha ya nano kwa virusi vya korona. Ikavizuia pia. Hiyo ya Japani ishikilie, nitairudia.

Manze, fikiria mimi, saa nane usiku, jamaa aliyeacha chuo, nasoma hivyo vitu na navielewa. Nilihisi kama bado niko darasani. Nikaandika maneno ya klipu usiku huo huo. Ya kwanza ilikuwa na dakika moja na sekunde kumi na mbili. Nilitaka isizidi dakika moja, kwa sababu zikizidi hapo watu wangu hutoroka. Nikaanza kukata. Nikakata jina la chuo, nikakata mwaka, nikakata nanomita. Mwisho nikakata maneno manane: "kwenye maabara, si ndani ya mwili wa mtu."

Ikabaki sekunde 58. Nikalala. Nilipoamka simu ilikuwa moto.

Wiki mbili baadaye mtu mmoja anayeuza "maji ya fedha" akaniandikia. Chupa ndogo ya rangi ya kahawia yenye kidoa cha kudondoshea, shilingi 2,500. Kwenye karatasi ya chupa wameandika inasaidia mafua, korona, tutuko, homa ya ini na "virusi vyote". Alikuwa anatumia klipu yangu tayari kuuza, bila kuniuliza. Sasa alitaka nitengeneze nyingine, nikiwa nimeshika chupa mkononi. Elfu ishirini. Elfu nane mbele, zinazobaki baada ya kupandisha.

Kodi yangu ni elfu nane na mia tano, na nilikuwa na deni la miezi miwili. Nilisema sawa. Sitawadanganya kwamba nilifikiria sana. Zile elfu nane ziliingia saa kumi jioni, na saa kumi na mbili zilikuwa kwa landilodi. Nikarekodi klipu, nikaiweka tayari kupandisha Jumatatu.

Jumapili nikaenda kwa Anti.

Anti ni mdogo wa mathe. Mathe alipokuwa anatafuta kazi mjini, ni Anti aliyenilea kutoka nikiwa darasa la pili hadi la nane. Amenikubalia niandike haya, mradi nisitaje jina lake wala mtaa. Anaishi na HIV, mwaka wa kumi na nne sasa. Nilijua tangu nikiwa kidato cha kwanza. Kwake kuna alamu ya simu inayolia kila siku saa tatu usiku, na tangu utotoni nilijua ikilia, Anti anaenda chumbani dakika moja halafu anarudi. Alikuwa anajaza pamba kwenye mkebe wa dawa ili vidonge visicheze njuga ndani ya matatu. Huyo ndiye Anti.

Jumapili hiyo tumekula, tumeosha vyombo, tunatazama taarifa. Saa tatu, alamu ikalia. Hakwenda chumbani. Aliizima, akafungua droo ya meza ya televisheni, akatoa chupa ndogo ya rangi ya kahawia, akadondosha kwa kijiko, akanywa. Kisha akaniangalia akatabasamu kama mtu aliyekuwa anangoja nigundue.

"Si ni hii yako, baba?"

Nilihisi tumbo limeshuka hadi kwenye miguu. Nikamuuliza, "Anti, na zile zingine?"

Akasema ameziacha. Wiki ya tano. Aliona klipu kwenye hali yangu ya WhatsApp, akaitazama mara tatu, akasema huyu ni mtoto wangu, amesomea mambo ya damu na protini, hawezi kunidanganya. Akamtafuta muuzaji.

Nataka muelewe kitu kimoja kabla mtu hajaandika komenti ya kijinga. Anti si mshamba. Ana duka, anajua hesabu kuniliko. Aliniambia, "Wewe hujui kumeza kitu kila siku miaka kumi na nne ni nini. Si machungu. Ni kukumbushwa." Nilikosa jibu, na hadi leo sina.

Usiku huo sikulala. Nilikaa sebuleni kwake nikarudia zile ripoti, safari hii zote, pamoja na zile kurasa ambazo mimi hupita haraka kutafuta picha. Haya ndiyo niliyoyaona.

La kwanza ni lile la Japani nililowaambia mshikilie. Fedha ya nano ilizuia korona ikiwa kati ya miligramu 1 na 10 kwa lita. Kuanzia miligramu 20 kwa lita, fedha ilianza kuua seli zenyewe. Yaani kati ya kipimo kinachozuia kirusi na kipimo kinachoua seli, nafasi ni nyembamba hivyo. Na hapo ni kwenye kisahani, mtafiti amepima kila tone. Ile chupa ya droo ya Anti haikuwa imeandikwa popote ina kiasi gani cha fedha, wala chembe zake zina ukubwa gani. Na mmeona ukubwa ndio kila kitu.

La pili ni kwa nini fedha inanata. Umewahi kuona pete ya fedha ikikaa sana inakuwa nyeusi? Hiyo ni fedha imeshikana na salfa iliyo hewani. Fedha na salfa ni kama sumaku. Protini za kirusi zina salfa, ndiyo maana fedha inazirukia. Lakini protini zako pia zina salfa. Za damu, za ini, za nywele. Fedha haina macho ya kujua huyu ni adui na huyu ni mwenye nyumba. Ukiinywa, inakutana kwanza na asidi ya tumbo, yenye kloridi ambayo huigeuza kuwa chumvi isiyoyeyuka kirahisi, halafu inakutana na protini za chakula ulichokula, halafu zako. Ile chembe safi ya nanomita 10 niliyoichora kwenye klipu ikielea kwenda kumkamata kirusi haifiki ikiwa hivyo.

La tatu ndilo lililoniuma, kwa sababu nilifundishwa darasani nikiwa na kalamu mkononi. HIV haielei tu kwenye damu ikingoja kukamatwa. Inaingia ndani ya seli na kujiandika kwenye DNA ya seli hiyo. Inakuwa sehemu ya kitabu. Kwenye ule utafiti wa 2005, fedha ilikutana na kirusi kikiwa nje, uchi, kwenye maji ya maabara. Kwa mtu aliyeambukizwa miaka kumi na nne iliyopita, kirusi kimejificha ndani. Kubandika chingamu kwenye ufunguo hakusaidii kama mwizi alishaingia na anaishi kwa chumba chako.

Dawa za Anti zinamfuata huko huko ndani. Ni kidonge kimoja, lakini kimebeba dawa tatu. Tenofovir na lamivudine zinakizuia kirusi kunakili habari zake. Dolutegravir inakizuia kujipachika kwenye DNA ya seli mpya. Hazikimalizi kilichojificha, ndiyo maana lazima ziwe kila siku. Ukiziacha, kilichojificha kinaamka na kuanza kuzaana. Nilijua hili. Nilikuwa nimelifanyia hadi mtihani. Na bado nilikata maneno manane.

Kuna mengine ambayo ningeyapata kwa dakika tano kama ningekuwa nimeyatafuta. Marekani, shirika lao la kusimamia dawa, FDA, lilisema tangu 1999 kwamba bidhaa za fedha za kunywa zinazouzwa bila cheti cha daktari hazikubaliki kuwa salama wala kuwa zinatibu ugonjwa wowote. Machi 2020 wakaandikia kampuni barua za onyo kwa kuuza hizo hizo kama dawa ya korona. Na kuna mzee mmoja wa huko, Paul Karason, aliyeonyeshwa kwenye televisheni mwaka 2008. Alikuwa amekunywa maji ya fedha miaka mingi, akajipaka pia usoni. Ngozi yake iligeuka buluu. Sitanii, buluu. Fedha ikijazana mwilini hukaa kwenye ngozi, na ile rangi haitoki. Kama unafikiri sisi weusi haitatuonekania, hugeuza pia ufizi, kucha na weupe wa macho.

Asubuhi nilimwambia Anti kila kitu. Nilimwambia na zile elfu nane. Hilo ndilo lilikuwa gumu, kusema kwamba nilikuwa nimelipwa kushika chupa ile ile. Hakunigombeza. Alinyamaza sana, akaweka chai chini, akasema, "Kwa hivyo wewe pia hukujua."

Nikamwambia, "Nilijua, Anti. Nilikata."

Tukaenda kliniki pamoja. Nilidhani tutapigiwa kelele, lakini nesi alimsalimia kwa jina, akamuuliza amelala vipi, akamuuliza nini kilimchosha. Si "kwa nini umeacha". Nini kilimchosha. Wakatoa damu. Majibu yaliporudi, virusi vilikuwa vimepanda, mtu ambaye kwa miaka mingi alikuwa LDL, yaani virusi vichache hadi mashine haivioni. Akarudishwa kwenye dawa zake, akapangiwa ushauri, akaambiwa apimwe tena baada ya miezi mitatu.

Hiyo miezi mitatu ndiyo mliniona nimekuwa kimya. Kila saa tatu usiku nilikuwa nampigia. Si kumchunga, tulikuwa tunaongea tu mambo ya duka hadi ameze. Siku moja akaniambia, "Sisi tumezoea kuahidiwa." Akanihadithia Kemron. Nilikuwa sijawahi kuisikia. Mwaka 1990, yeye akiwa mtoto wa shule ya msingi, dawa ya hapa hapa nchini ilitangazwa kama tiba ya UKIMWI, na rais mwenyewe akaizindua. Watu wakashangilia. Utafiti uliofanywa baadaye haukuona faida yake. Anti alisema anakumbuka watu wazima wakiongea kwa furaha kuhusu Kemron, na anakumbuka walivyoacha kuongea.

Majibu yalitoka wiki jana. LDL. Alinitumia picha ya karatasi na neno moja, "Sema." Ndiyo maana leo nasema.

Sasa, msinielewe vibaya mkadhani nimegeuka adui wa fedha. Fedha ni dawa, ikiwa mahali pake. Ukiungua moto ukapelekwa hospitali, kuna krimu nyeupe hupakwa kwenye vidonda yenye fedha na salfa ndani yake, imetumika tangu miaka ya 1960. Katika miaka ya 1880, daktari Mjerumani aitwaye Credé aliokoa macho ya watoto wengi wachanga kwa kuwadondoshea dawa ya fedha, ili wasipofushwe na kisonono cha mama. Kuna vichujio vya maji vya udongo wa kufinyanga vinavyopakwa fedha, na vinasaidia sana kupunguza bakteria, ingawa virusi ni vidogo na hupenya kirahisi zaidi. Na ule utafiti wa nano bado una maana: kwenye barakoa, kwenye vitambaa vya hospitali, kwenye sehemu zinazoshikwa na kila mtu. Angalia hizo zote. Ni juu ya ngozi, au nje ya mwili. Kati ya hapo na kijiko cha kunywa kuna safari ndefu: wanyama, watu wachache, watu wengi, miaka. Dawa nyingi hufia njiani, na kufia huko ni sawa. Ndiyo kazi ya hiyo njia.

Kosa langu halikuwa kusisimka. Ningeulizwa leo, bado ningesema ile picha ya fedha imeshika HIV ni kitu kizuri sana. Kosa ni kwamba "inaua kirusi kwenye kisahani" na "inamponya mtu" ni sentensi mbili tofauti kabisa, na mimi niliziunganisha ili nitoshee kwenye dakika moja. Kwenye kisahani, hata Jik inaua HIV. Hata sabuni ya kipande inaua korona. Hakuna mtu anakunywa sabuni, kwa sababu sabuni haijawahi kupata mtu kama mimi wa kuipigia debe.

Ile klipu ya pili, ya chupa mkononi, haikutoka. Nilimwandikia muuzaji kwamba nimejitoa. Amenitukana, na ana haki ya pesa zake. Nimemrudishia elfu tano, zimebaki tatu, nitamaliza mwezi huu. Nilimwomba aache kutumia sura yangu. Bado anaitumia. Ukiniona mahali nikisema "fedha inaua HIV", jua ni ile ya zamani, na umtumie aliyekutumia hii.

Kuanzia sasa, kila nikiongea kuhusu utafiti, kitu cha kwanza nitakachosema ni ulifanyiwa nini: kisahani, panya, au watu. Hata kama itakula sekunde kumi. Wenye watatoroka, watoroke. Nanyi mkiuziwa dawa ya virusi vyovyote, ulizeni hivyo hivyo, kisha muulize kama imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Muuzaji akianza kukuonyesha klipu badala ya kujibu, hilo ndilo jibu.

Na jambo la mwisho. Baada ya ile klipu, watu kumi na moja waliniandikia wakiuliza chupa inapatikana wapi. Nimewajibu wote. Tisa wamejibu. Wawili hawajafungua meseji. Kama wewe ni mmoja wao na umeacha dawa kwa sababu yangu, rudi kliniki hata kama umekaa miezi. Hawatakufukuza. Ukiogopa kuingia peke yako, mpigie mtu mmoja anayekupenda akusindikize hadi mlangoni. Mimi nilikaa na Anti kwenye benchi ile ya mbao kutoka saa mbili asubuhi hadi saa sita, na hakuna aliyetuangalia vibaya.

Saa tatu inakaribia. Acha nimpigie.